Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaouza Picha Mtandaoni: Picha Nayo Huzeeka

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si kwenu. Ni kwa watu wanaowauzia mafunzo kwa kuwaonyesha ripoti ya mwezi mmoja mzuri, kisha wanazidisha. Picha 100 zimeleta kiasi fulani, basi picha 1,000 zitaleta mara kumi yake, na picha 10,000 zitakutunza mpaka uzeeni huku umelala. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiacha kazi kwa hesabu hiyo, na baada ya miaka miwili mitatu wanajiona wao ndio wazembe. Wazembe ni waliowafundisha.

Picha huzeeka. Ikiwa mpya hupata bahati ya kuonekana, hasa pale mnunuzi anapopanga matokeo kuanzia za karibuni. Baada ya hapo inafukiwa na nyingine zinazopakiwa kila siku. Shutterstock, moja ya tovuti zinazouza picha za wapigaji na kuwapa mgawo kila picha inapopakuliwa, ilimaliza mwaka 2012 ikiwa na picha milioni 20 na ushee. Kufikia mwisho wa 2018 zilikuwa zaidi ya milioni 200. Katika muda huohuo, picha zilizopakuliwa na wanunuzi kwa mwaka ziliongezeka kidogo tu kupita mara mbili. Bidhaa mara kumi, mauzo mara mbili: fungu la picha kwa wastani lazima lipungue, na ufundi wa mpigaji mmoja haubadilishi hesabu hiyo. Tena picha yenyewe inachakaa. Simu iliyo mkononi mwa mtu, kompyuta iliyo mezani, mtindo wa nguo, vyote vinamwambia mnunuzi kwamba hii ni ya zamani.

Sasa kaeni tupige hesabu ambayo hao walimu hawaipigi. Tuchukue mfano mwepesi: picha moja inaleta dola 1 mwaka wake wa kwanza, nusu yake mwaka wa pili, robo mwaka wa tatu, na kuendelea hivyo. Wewe ni mchapakazi, unapakia picha 1,000 kila mwaka bila kukosa. Mwaka wa kwanza unapata dola 1,000. Wa pili 1,500. Wa tatu 1,750. Wa nne 1,875. Wa tano 1,937 na senti 50. Una picha 5,000, uliahidiwa dola 5,000 kwa mwaka, na hata 2,000 hujazifikia. Wala hutazifikia kamwe kwa mwendo huo, hata ukipakia miaka 30, kwa sababu kinachopotea kwenye picha za zamani kinakaribia kulingana na kinacholetwa na mpya. Hali hiyo wakongwe wa kazi hii huiita kugonga ukuta. Na ukisema sasa upumzike, ule upakiaji wa miaka mitano ukulishe, mwaka wa sita unapata dola 969 hivi, wa saba 484. Kasi ya kushuka hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini umbo la hesabu ni hilohilo.

Kwa hiyo anayesema pesa itaingia umelala amesema nusu ya maneno. Itaingia, ila kila mwaka itakuwa ndogo kuliko mwaka uliotangulia.

Kuna kijana mmoja ninayempenda kama mwanangu. Alianza vizuri, Oktoba ikapanda, Novemba ikapanda zaidi, maana ndio wakati watengenezaji wa matangazo wananunua kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Akachukua mkopo wa kamera, marejesho akayapanga kwa kipato cha miezi hiyo. Januari ikafika, wanunuzi wakapoa kama wanavyopoa kila Januari, na kule Shutterstock viwango vya mgawo, ambavyo hupanda kadiri unavyouza ndani ya mwaka, hurudishwa chini kabisa kwa kila mtu tarehe 1 Januari. Hakuwa amekosea chochote katika upigaji wake. Aliusoma msimu akadhani ni mshahara. Hakuna aliyemwambia kwamba mwezi hulinganishwa na mwezi uleule wa mwaka uliopita, si na mwezi uliotangulia. Kamera ile aliiuza kwa hasara, na mimi sijapata usingizi mzuri juu ya jambo hilo, kwa sababu wakongwe tulikuwa karibu tukanyamaza.

Na kampuni nazo zisisingiziwe wema. Kabla ya Juni 2020 Shutterstock ililipa senti 25 hadi 38 za dola kwa kila picha iliyopakuliwa kwa usajili, yaani na mnunuzi anayelipa ada moja na kupakua picha nyingi. Mfumo ulipobadilishwa, mpigaji akawa anapewa asilimia 15 hadi 40 ya bei, wengi walianza kuona malipo ya senti 10. Tovuti nyingine, iStock, inampa asilimia 15 ya mauzo ya picha yule asiyejifunga kuuza kwao peke yao. Alamy, iliyosifiwa kwa ukarimu, mwaka 2019 ilishusha mgawo wa wasiojifunga kwao kutoka asilimia 50 hadi 40. Adobe Stock imebaki kwenye asilimia 33. Kisha ikaja akili mnemba. Tangu mwisho wa 2022 Adobe Stock inapokea picha zilizotengenezwa nayo, na zimejipanga kwenye rafu moja na zenu. Jamii inayotaka kila ukurasa uwe na picha nzuri, lakini inaona uchungu kumlipa aliyeipiga, isishangae wapigaji wakiisha.

Siwaambii muache. Nawaambia mbadilishe mnachopiga. Mkono ukishika mkono mwingine ofisini, jua likizama baharini, mwanamke akitabasamu mbele ya saladi: hivyo viko kwa mamilioni, na mashine inavitengeneza kwa sekunde. Mnachoweza ninyi ni kitu halisi kilicho mahali halisi: jengo lenye jina, mmea uliotambuliwa kwa jina lake la kisayansi, hatua za kazi ya fundi kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha ya habari ya jengo ambalo baadaye limebomolewa inaweza kuuzwa zaidi kuliko ilipokuwa mpya, kwa kuwa haiwezi kupigwa tena. Hizo huzeeka polepole. Na acheni, nawasihi, kupakia picha 40 za kitu kimoja zilizopishana kwa hatua moja ya mguu. Mnanyang'anyana wanunuzi wenyewe kwa wenyewe.

Mengine kwa ufupi. Fomu ya ridhaa ya anayepigwa picha isainiwe kabla hajaondoka. Maneno ya utafutaji yawe ya kweli. Picha za Krismasi zipakieni Agosti au Septemba. Jazeni fomu ya kodi ya Marekani mapema. Nchi yako isipokuwa na mkataba wa kodi nayo, asilimia 30 ya mgawo wako wa mauzo ya huko itakatwa. Someni kipengele cha mkataba kinachohusu kuifundisha akili mnemba kwa picha zenu.

Tengeni siku moja mpange mauzo kwa mwaka ambao kila picha ilipakiwa. Hapo utaiona kasi yako mwenyewe ya kushuka, na utajua ukuta wako uko wapi kabla hujaacha kazi yoyote.

Jambo la mwisho wengi hawalipendi. Katika nchi nyingi hakimiliki huendelea miaka 50 au 70 baada ya mwenyewe kufa, na nimeona akaunti za marehemu zikiendelea kukusanya senti ambazo familia haina njia ya kuzifikia. Andikeni majina ya tovuti, mahali nywila zilipo, na kiwango cha chini cha kutoa pesa kwa kila moja, mumpe mtu mnayemwamini. Mwambieni pia kwamba kiasi hicho kitapungua kila mwaka, asije akakopea.