Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Hatari ya kifo katika upasuaji wa moyo ipimwe kwa wagonjwa wetu

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Kabla mgonjwa hajatia saini ridhaa ya kupasuliwa moyo, ndugu zake huuliza jambo moja tu: atapona? Katika nchi nyingi daktari husaidiwa kulijibu na kikokotoo kiitwacho EuroSCORE II, kilichochapishwa mwaka 2012 kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 22,000 wa nchi 43, ambacho hupokea umri, hali ya figo, nguvu ya moyo na uharaka wa upasuaji, kisha hutoa asilimia ya uwezekano wa mgonjwa kufia hospitalini.

Mimi ni mtakwimu, wala sina ugomvi na hesabu hiyo. Shaka yangu ni juu ya watu waliohesabiwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 64 na ushei, na kikokotoo humpa kila mtu wa miaka 60 kushuka chini alama ileile ya umri. Utafiti wa REMEDY uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki (ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo na kuharibu vali, yaani milango ya moyo), wengi wao Waafrika, ulikuta nusu yao hawajavuka miaka 28. Binti wa miaka 19 mwenye vali iliyobana na mzee wa miaka 59 mwenye mishipa iliyoziba huhesabiwa na kikokotoo kuwa sawa kwa umri, na chanzo cha ubovu wa vali, kama ni homa hiyo au la, hakiulizwi kabisa.

Hata wenye kikokotoo walilazimika kukirekebisha: kile cha awali, cha mwaka 1999, kilipojaribiwa kwa wagonjwa wa mwaka 2010 kilitabiri vifo vya asilimia 5.8, ilhali waliokufa walikuwa asilimia 3.9.

Kwa hiyo naomba Wizara isimamie rejista moja ya kitaifa ya kila upasuaji wa moyo, yenye vipengele vilevile kwa hospitali zote, na mgonjwa afuatiliwe hadi siku ya 30, japo kwa simu, kwa sababu anayeruhusiwa Dar es Salaam akafia nyumbani Kigoma wiki ya tatu haonekani katika hesabu ya vifo vya hospitalini. Takwimu hizo (na hili naliomba kwa msisitizo) zisitumike kuwapanga madaktari kwa ubora, kwani anayeogopa namba yake atamkwepa mgonjwa mahututi. Zitumike kukirekebisha kikokotoo, ili ndugu wanapouliza, wajibiwe kwa hesabu iliyotokana na watu kama mgonjwa wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtakwimu wa afya, Dar es Salaam