Kitabu Chako Kimefika Webuye

Mwanangu,

Kitabu kimefika. Dereva wa matatu alinipigia saa kumi na moja jioni, nikaenda stejini na malapa miguuni, mama yako akinifokea nyuma kwamba baba ya mwandishi hatoki hivyo. Bahasha ilikuwa imelowa pembe moja tu. Nimekilaza juu ya kabati, pale tulipokuwa tukiweka redio.

Dada yako amenionyesha pia ule ujumbe uliowatumia rafiki zako. "Samahani kwa usumbufu, kuna kijitabu changu kimetoka, mkipata nafasi mnaweza kukiangalia." Kijitabu! Kurasa 312! Miaka sita umeamka saa kumi alfajiri kuandika kabla ya kwenda kazini, halafu unaomba radhi. Hao hao rafiki zako wakitaka kuoa hawakuulizi. Unaamka asubuhi unakuta umeshatiwa kwenye kundi la kamati, na mweka hazina ameshaandika jina lako na namba ya kutumia pesa. Umechangia mahari, keki, tenti, jeneza. Nani alikuambia samahani? Wewe unaleta kitu ambacho mtu akitoa shilingi 800 anabaki nacho mkononi, ndipo unanong'ona.

Mimi wangu nimewaambia hivi. Jumamosi nilikipeleka kwenye kibanda cha chai tunapokaa wazee wa kiwanda cha karatasi. Unawajua, tangu mitambo ilipozimwa mwaka 2009 tunasoma gazeti moja watu saba. Nikasema, "Binti yangu ameandika riwaya. Imetoka. Hii hapa, na bei yake ni hii." Nikakiweka mezani, nikaagiza chai.

Unadhani walitazama jina la kitabu? Wa kwanza kukishika alikuwa yule aliyefanya kazi maabara. Alikifungua katikati, akakinusa, kisha akauinua ukurasa mmoja mbele ya jua, jicho moja amelifumba, kama alivyofanya kila zamu. Alikuwa anatafuta mawingu. Karatasi mbaya ukiiweka mbele ya mwanga unaona nyuzi zimerundikana huku na kuachana kule. "Imetulia," akasema. Wa pili akazikunja kurasa kidogo, akaziachia, akatuonyesha kwamba nyuzi zimelala kufuata mgongo wa kitabu, ndiyo maana kinafunguka bila kukupigania mikononi. Wa tatu, aliyekuwa akilisha mtungi mkubwa wa kupikia vipande vya misonobari, akauliza karatasi yenyewe imetoka wapi. Sikujua. Akanyamaza, akakipapasa tena jalada. Wewe ulizoea kuniuliza kwa nini narudi nyumbani nikinuka mayai viza. Ni ile dawa ya mtungini mwake, inayogeuza mti ukawa uji. Karatasi yetu niliiona ikiwa madaftari, nikaiona ikiwa mifuko. Ya riwaya, tena yenye jina letu mgongoni, nilikuwa sijaishika.

Chai ilipoa hakuna aliyesoma neno hata moja. Mwishowe mmoja akauliza, "Ni kitabu teule? Kinatahiniwa kidato cha nne?" Nikamwambia hapana. "Sasa kinasomwa na nani?"

Swali hilo utaulizwa sana, jiandae. Huku kwetu kitabu kisichokuwa cha mtihani watu hawajui wakiweke wapi. Nikamjibu, "Kinasomwa na wewe." Akalipa, ingawa nadhani alilipa kwa sababu wengine walicheka.

Aliyenipa taabu ni rafiki yangu wa tangu ujana, yule aliyekubeba mgongoni mto Nzoia ulipofurika. Alidai chake cha bure. Na mimi kwake ni mlaini, unajua. Lakini umeniambia fungu lako ni asilimia 10, yaani shilingi 80 kwa kila nakala, na hapa Kenya vitabu vyenyewe vilianza kutozwa kodi ya asilimia 16 mwaka 2013 kama vile ni viatu. Nakala moja ya bure unayoinunua mwenyewe inakula faida ya nakala kumi. Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kulipa kwanza, ili hawa wengine wakose kisingizio." Akanitazama, akatoa simu.

Kwa hiyo andika upya. Usitume ujumbe mmoja kwa watu mia. Mwandikie kila mtu peke yake. Yule mliyesoma naye hapa mwambie maporomoko ya Nabuyole yamo, sura ya tatu, na kwamba umeyaandika yalivyo, si kama kwenye kalenda. Muuguzi mwambie habari za wodi. Asiye na pesa mwombe aulizie kitabu dukani kwao tu. Mwenye duka huagiza kile anachoulizwa mara mbili tatu. Wapo watakaokaa kimya. Usiwahesabu usiku.

Jambo lingine. Ukurasa wa 88 kuna mzee anayevua viatu mlangoni ili mkewe asimsikie akiingia usiku. Mama yako ameusoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili mbele ya wageni. Hilo tutaliongea ukija.

Nitumie nakala tisa kwa matatu ya Ijumaa. Pesa za saba ninazo, wawili wameahidi mwisho wa mwezi, na mmoja wao simwamini. Vifunge kwa nailoni safari hii, mvua haijaisha.

Baba yako