Kabla hamjapanda boti: kobe, kima na pomboo wa Unguja

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, joto tu ndilo linatuonea. Nimefurahi kusikia mnakuja likizo hii. Unasema watoto hawataki pwani, wanataka wanyama. Simba na tembo hatuna, hilo waambie mapema wasije wakaninunia. Ila tunaye mmoja ambaye hata wakizunguka Serengeti yote hawamkuti.

Wageni wengi wakishuka bandarini, wazo la kwanza ni kisiwa cha Changuu kwa kobe. Sikukatazi. Boti kutoka Forodhani ni mwendo mfupi, na wale kobe ni majabali: ukimkuna mmoja shingoni anainyoosha yote na kufumba macho kwa raha. Lakini wao asili yao ni wageni kama nyinyi. Mababu zao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Wakazaana, kisha wezi wakawachukua kwa kuwauza mpaka miaka ya 1990 wakakaribia kwisha, ndiyo maana leo wamezungushiwa uzio.

Mwenyeji hasa ni kima punju, na mimi siku moja nzima ningempa yeye. Pandeni gari ya Makunduchi, mshuke Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004. Huhitaji kumtafuta sana: kundi zima linakaa kwenye miti karibu na barabara, mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kipajini kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mwambie mwanao wa mwisho aangalie mikono. Kidole gumba karibu hakipo kabisa. Na asibebe ndizi! Tumbo la kima huyu limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, utamu wa matunda mabivu unamdhuru. Cha ajabu, makaa anakula. Anayaokota penye tanuri akayatafuna, na watafiti wanaona yanamsaidia na sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu.

Wakulima wa jirani hawampendi hivyo, maana minazi yao haisalimiki. Kwa hiyo sehemu ya kiingilio inarudi vijijini, na mimi nikilipa pale silalamiki, hata nikiwa sina.

Mkitoka kwa kima, msiondoke kabla ya kupita darajani kwenye mikoko ya Pete. Maji yakiwa yamekupwa mtaona kaa wakiingia na kutoka matundu yao.

Kisiwa cha Chumbe nacho kizuri, matumbawe yake hayavuliwi tangu 1994, lakini bei yake si ya mwalimu wa msingi. Tukiache.

Kizimkazi, kwa pomboo, tu ndiko ninakokutilia shaka. Nilikwenda na nahodha mmoja, akawakimbiza pomboo kwa injini, boti nyingine zikawakata mbele, watu wanarukia maji juu yao. Wanyama wenyewe walizama hatukuwaona tena. Ukienda, patana na nahodha mkiwa bado ufukweni: akae mbali, azime mashine, pomboo wakitaka watakuja. Akikataa, mtafute mwingine, hawakosekani.

Njoo na viatu vya kufunika, msituni kuna siafu. Ukishakata tiketi nipigie, nijue niwapokee saa ngapi, na unambie kama mumeo bado hali pweza.

Wasalaam,
Shoga yako Zuhura