Mada ya Alhamisi: eksosomu na saratani ya umio

Wanakikundi wapendwa, Alhamisi hapa Kisumu tutajadili eksosomu, vifuko vya nanomita 30 hadi 150 ambavyo, vikitolewa na seli za saratani ya umio, husafiri katika damu vikibeba RNA (molekuli zinazotokana na jeni) zisizounda protini. Tutakaa zaidi kwenye mikroRNA-21, mojawapo ya RNA hizo fupi, ambayo hubana utendaji wa jeni ya PDCD4 inayozuia uvimbe, na hivyo kuipa seli inayoipokea uwezo wa kuhama na kupenya tishu jirani. Ninaipa uzito mada hii kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini wakiwa hawamezi hata uji, na kipimo cha damu kinachotafuta vifuko hivi kingesaidia kuwatambua mapema. Hata hivyo, utambuzi ungali wa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa kooni) na kipande cha umio kinachochunguzwa maabarani. Tafadhali msimwahidi mgonjwa yeyote kipimo hicho cha damu.