Kabla ya kulaumu resini, pimeni matone yaliyobaki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi na wanafunzi wa maabara wanaotumia sahani za chujio zenye visima 96 kutafuta bafa (mmumunyo unaodhibiti pH) ifaayo kusafishia protini kwa kromatografia, yaani kuitenganisha na vitu vingine. Matokeo yakiyumba, wa kwanza kulaumiwa ni resini, zile chembechembe zinazonasa protini. Mara nyingi mkosaji ni kimiminika kilichobaki kisimani.

Tuseme kila kisima kina maikrolita 20 za resini, na bafa iliyosalia ni maikrolita 20 nyingine. Ukitia maikrolita 200 za sampuli, imeshazimuliwa kwa takriban asilimia 9 kabla resini haijanasa chochote. Anayesoma namba atadhani asilimia 9 hiyo ya protini imenaswa. Kwenye kuosha, 200 za bafa huacha sehemu 1 kati ya 11 ya kilichokuwamo. Ukirudia mara tatu inabaki 1 kati ya 1,331. Ukimimina 600 zote kwa mkupuo, unabakiwa na 1 kati ya 31. Bafa ni ileile, kazi tofauti kabisa.

Dawa yake ni mizani. Zungusha sahani kwenye sentrifuji dakika 1, kwa nguvu mara 500 ya mvutano wa dunia (si mizunguko 500 kwa dakika, wengi huchanganya hapo). Inua sahani usawa wa macho: utaona matone yamening'inia kwenye ncha za chini. Ishushe wima juu ya karatasi ya kufyonza, uinue. Usiiburute, tone la kisima A1 litahamia jirani yake A2. Pima uzito, zungusha tena, kausha ncha, pima tena. Ikipungua gramu 1, ukiigawa kwa visima 96, kila kisima kilikuwa na takriban maikrolita 10 zaidi ya ulivyodhani. Ukisharidhika tia bafa upesi; resini isikae kavu.

Sahani zinazokuja na resini tayari zinahitaji uangalifu tangu kufunguliwa. Ipindue, igonge taratibu resini iachie chujio, bandua karatasi ya kuziba ya chini ikiwa bado kichwa chini, kisha igeuze, igonge tena mezani ndipo ubandue ya juu. Ukianza na ya juu, resini iliyoganda kwenye karatasi unaitupa nayo, na kisima hicho hakitalingana na vingine.

Mwisho, usipime protini kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 280 kwenye sahani ya kawaida ya plastiki, kwani plastiki yenyewe huufyonza. Tumia inayopitisha urujuanimno, na uizungushe kwanza mapovu yapasuke.

Mdau wa maabara,
Dar es Salaam