Chupa ikipasuka, msingoje uchungu kisiwani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wajawazito wa Ukerewe, Ukara, Kome na mialo mingine ya ziwa letu, pamoja na waume zao wenye mitumbwi. Chupa ya uzazi, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni, ikipasuka, safari ya kituo cha afya ianze siku hiyohiyo, hata kama uchungu bado.

Ukeni huishi bakteria wa kila aina. Wengine ni walinzi: laktobasili hutengeneza asidi inayowazuia wabaya. Wengine, kama streptokokasi wa kundi B, hukaa kimya kwa mama asiye na dalili yoyote. Chupa ikishapasuka bakteria hao hupanda hadi kwenye kizazi, na zikipita saa 18 hatari huwa kubwa zaidi: mama hushikwa na homa, mtoto huzaliwa na maambukizi ya damu au mapafu.

Wengi huchelewa kwa kuwa maji hutoka kidogokidogo, wakadhani ni mkojo. Vaa pedi safi, endelea na shughuli kwa saa moja, kisha itazame na uinuse. Ikiwa imelowa na haina harufu ya mkojo, ondoka. Maji ya kijani au yanayonuka vibaya hayasubiri hata chakula kiive. Kumbuka saa yalipoanza; kituoni utaulizwa.

Na tafadhali sana, mtu asiingize kidole kuangalia kama njia imefunguka, awe bibi au mhudumu asiye na sababu ya kufanya hivyo. Kidole husukuma bakteria juu. Usijioshe kwa ndani, usiweke pamba, usikutane na mume.

Mimba ikiwa chini ya wiki 37 na uchungu haujaanza, mama hupewa erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 250 mara 4 kwa siku, kwa siku 10. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti isitumike hapa, maana huongeza hatari ya utumbo wa mtoto njiti kuoza. Basi msinunue vidonge vya kubahatisha dukani.

Kwa halmashauri zetu nina ombi: kila zahanati ya kisiwani iwe na boti yenye mafuta hata usiku wa manane, dozi ya kwanza ya dawa ya bakteria itolewe kabla mama hajapanda, na saa ya chupa kupasuka iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Mkunga,
Mwanza