Mzee Mwenye Mwavuli

Reading, Uingereza
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Waalaykum salaam. Barua imefika, na salamu za mama nimezipata. Sisi wazima, ila baridi ndiyo imeanza vituko vyake.

Nimecheka peke yangu kwa swali lako, eti ile sanamu ya mfalme iliyo nyuma ya Salim kwenye picha ni ya nani. Si mfalme, mwaya. Ni muuza biskuti.

Anaitwa George Palmer. Mji huu (tamka Redingi, na "e" ya pesa) ulijulikana duniani kwa biskuti za Huntley & Palmers. Palmer alikuja hapa 1841, kijana wa miaka 23, akashirikiana na Thomas Huntley aliyekuwa na duka lake la biskuti, akaingiza mashine, na duka likageuka kiwanda. Akawa meya 1857, kisha mbunge kuanzia 1878 hadi 1885. Hayo nayapitisha haraka, maana utamu uko kwenye sanamu yenyewe.

Unazijua sanamu za Waingereza wa enzi ya Victoria: farasi, upanga, kidevu juu. Huyu hana hata kimoja. Amesimama na koti lake refu, mkononi ameshika kofia na mwavuli. Mwavuli, Mwanaidi! Kama mzee wa mtaani anayetoka kikaoni na kukatisha uwanja kwenda zake nyumbani. Jumamosi ile ya picha mvua ilitukuta uwanjani, watoto wakakimbilia chini ya miti, nikabaki namtazama: matone yanamtiririka kipara na pua, na mwavuli anao, kaufunga! Kofia nayo kaivua. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, si uufungue?"

Na hiyo kofia ina mambo yake. Palmer alikuwa Quaker, ndugu wa hawa wa Kanisa la Marafiki kule Kaimosi, Kenya. Quaker wa kale walikuwa hawamvulii mtu kofia, hata mfalme. Wapo waliofungwa kwa sababu hiyo. Sasa yeye kaivua, kamvulia nani? Mimi nasema kawavulia wapita njia, lakini hayo ni yangu tu.

Aliyemfinyanga ni George Blackall Simonds, mwana wa mji huu huu, wa ukoo wenye kiwanda cha bia. Mtoto wa wapika bia anamtengenezea sanamu mwoka biskuti! Ilizinduliwa Novemba 4, 1891, katikati ya mji, Broad Street, Palmer mwenyewe akiwa hai, alikufa 1897. Siku hiyo hiyo ndipo ilipofunguliwa bustani ya ekari 49 aliyowapa wakazi. Fikiria unakwenda sokoni na kujiona umesimama njiani kwa shaba nyeusi. Mimi ningebadilisha njia.

Mwaka 1930 wakamhamisha Broad Street, wakampeleka kwenye bustani yake mwenyewe, na ndipo Salim anapochezea mpira. Naona walimtendea wema. Kule mjini angekuwa anapigiwa honi na mabasi kutwa. Hapa ana njiwa, na watoto wanaotumia ngazi zake kufungia kamba za viatu.

Makopo ya biskuti zao yalisafiri kuliko yeye. Uganda, kwenye miaka ya 1890, Biblia ya Kiganda ilichapwa fupi na nene ili ienee ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasiipate.

Ndiyo nikakumbuka lile kopo la bibi yako kabatini, tulilolifungua kwa kunyata mchana wa Ramadhani, tukakuta nyuzi, vifungo na sindano iliyokuchoma kidole ukashindwa hata kulia. Bado lipo? Kama lipo, nisomee kilichoandikwa kifuniko chake, unijibu upesi.

Wako,
Zuhura